Nilisoma Kibao cha Mashine, Nikamdanganya Kaka Yangu

Assalamu alaikum nyote. Msimamizi, nakuomba unisitiri jina. Nina miaka tisini na minane, karani mstaafu, mkaazi wa Likoni. Daktari amewaambia wanangu wanirudishe nyumbani, na maana yake nimeielewa. Naandika kwa kidole kimoja, nistahamilini.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, nami nimeposa. Kaka yangu Bakari, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa fundi wa kukereza vyuma, ila hakujua kusoma. Alitamani mashine yake mwenyewe. Baba wa mchumba wangu alikuwa nayo moja kuukuu ya Uingereza, masalio ya jeshi, bandani kwake Changamwe. Tukaenda kuikagua.

Bakari alipitisha ukucha juu ya reli karibu na kichwa cha mashine kinachozungusha chuma, mahali reli inapolika kwanza. Akazungusha mpini mbele na nyuma, akisikiliza kama umelegea. Akaipiga mashine kofi, akacheka.

"Mzee huyu ana meno yote! Haya, bwana karani, hicho Kiingereza unachoturingia kitufae leo. Kibao hiki chasemaje?"

Kilikuwa kibao kidogo cha shaba, nyuma ya kile kichwa. Kilisema kichwa kiliwahi kupasuka, kikaungwa kwa moto, na mashine isizungushwe kasi abadan. Mkwe wangu alikuwa amesimama kando yangu na tasbihi yake, na majirani wawili. Kwetu, mkwe huonewa haya hata kula mbele yake. Nimwambie mbele ya watu kwamba anauza kitu kibovu, naye hajanipa binti yake?

"Ni jina la kiwanda tu, kaka," nikasema. "Na mji ilikotengenezwa."

Nilijiambia nitamweleza kwenye feri. Kwenye feri alikuwa akinionyesha kwa mikono atakavyoiweka, akicheka peke yake, nikashindwa. Kesho, nikasema. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi miwili.

Kichwa kilipasuka mashine ikiwa kasi. Kipande kilimpiga kifuani. Tulimzika siku ile ile, mkewe ana mimba.

Matangani mkwe alinivuta kando. "Mwanangu, kile kibao kilisemaje? Mimi Kiingereza sikijui. Kama kulikuwa na jambo, wallahi nisingeiuza."

Nikamjibu yale yale: jina la kiwanda.

Mtaa mzima ukasema Bakari alikuwa na pupa, aliikimbiza mashine. Sikuwakanusha. Mwanawe, Mwanaidi, nilimlea mimi kama damu yangu, nikamsomesha, nikamwoza. Leo ni bibi mwenye wajukuu, na ndiye anayeniosha na kunilisha. Juzi, akinifuta mdomo, aliniambia: "Baba mdogo, umsamehe baba yangu. Pupa yake ilikutwika mzigo usio wako."

Nililia. Akadhani ni maumivu, akaniletea dawa.

Nikimwambia, nitamrudishia heshima ya babake, lakini nitamnyang'anya baba pekee aliyemjua. Nisipomwambia, atanizika huku akimwombea babake msamaha kwa kosa langu.

Wenzangu, nimemaliza yote niliyonayo. Nimwambie, au nife nalo? Atakuja alasiri kunigeuza ubavu. Nijibuni kabla hajafika.