Lastiki ya Fundi Kesho

Fundi Kesho alilipata jina hilo kwa haki. Ukimuuliza suruali yako imefikia wapi, atakutazama juu ya miwani na kusema, "Kesho," kwa sauti ya mtu anayeamini asemacho. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na shingo iliyoanza kupinda kwa kuinamia cherehani tangu ujana. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakuwahi kuliahirisha, nalo ni mbio. Mara tatu kwa wiki, jua likichomoza, alitoka na jirani yake Mwalimu, anayefundisha hesabu, wakapanda mbio kijia cha mlimani kinachoanzia nyuma ya tangi la maji. Kijia chenyewe ni mawe, mizizi na matope, kila kimoja kwa zamu yake. Walikwenda hadi kwenye mnara wa simu, wakageuka, wakateremka.

Kwa saa hiyo moja Fundi aliitazama dunia mbele badala ya chini. Kabla hajaanza, miaka mitatu nyuma, mgongo ulikuwa ukimuuma hadi akawafokea wateja waliomletea kazi. Mkewe mwenyewe alikiri: "Tangu uanze kukimbia umekuwa mtu."

Mkewe huyo wateja walimwita Mama Vifungo. Wawili hao walifanya kazi chumba kimoja, yeye kwenye meza ya dirishani akishona vifungo, akikunja pindo na kutia lastiki viunoni, mumewe kwenye cherehani. Cherehani yao ilikuwa ya kukanyaga. Haikuwa na mota. Mota ilikuwa Fundi mwenyewe. Kwa hiyo ukucha wa dole gumba la mguu ulipong'oka mlimani, kazi ya wiki nzima ilikwenda kwa mwendo wa konokono. Na alipoteleza akatua kwa goti, cherehani ilinyamaza siku nne, huku sare za wahudumu wa hoteli zikisubiri mikono.

Hapo Mama Vifungo alifungua daftari la vipimo, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika: "Akirudi anachechemea mara ya tatu, viatu vya mbio anapewa shemeji." Shemeji ni kaka yake Mama Vifungo, anayevaa namba ileile ya kiatu, na ambaye mchezo wake mkuu ulikuwa kukaa.

"Shemeji atavifanyia nini?" Fundi aliuliza kwa uchungu.

"Atavivaa akiwa amekaa. Tia sahihi hapo."

Alitia sahihi. Ikapita miezi miwili ya salama. Kisha, Jumanne moja katika kuteremka, Fundi alikanyaga jiwe lililojifanya limetulia. Likabiringika, na kifundo cha mguu wa kulia kikapinda ndani. Akakaa chini kwenye matope, meno ameyauma.

"Umevunjika?" Mwalimu aliuliza.

"Nimeteguka. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha kutomwambia mtu."

Mwalimu aliutazama mtaa kule chini. "Kutoka hapa hadi mlangoni kwako hazipungui hatua elfu mbili. Utazitembeaje?"

"Zote nitachechemea. Ila kumi za mwisho nitatembea kama bwana harusi."

Na ndivyo alivyofanya. Aliingia ndani akiimba, jasho likimtiririka kuliko siku zote. Mkewe alimtazama, akamwekea chai.

Mchana wake aliaga kwamba anakwenda kununua zipu, akapitia zahanati. Mtaalamu wa viungo alimbonyezabonyeza, akasema mfupa uko salama, mlima asiusogelee kwanza, na kila siku afanye mazoezi ya nyumbani. "Ile karatasi yenye picha niliyokupa siku za goti bado unayo? Na ya kifundo yamo." Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa nayo, ila haikuwa nzima. Siku moja alipokosa karatasi ngumu aliikata kuwa kiolezo cha kukatia kola. Zoezi la kwanza na la pili yalisalimika. La tatu lilibaki miguu tu, na la nne lilibaki kichwa kinachotabasamu, bila dalili yoyote ya kinachokifurahisha.

Kazini mambo yalikuwa magumu zaidi. Mguu wa kulia ndio uliozoea kuianzisha cherehani. Fundi alijaribu wa kushoto, na wa kushoto ulizungusha gurudumu kinyumenyume. Gurudumu likizunguka kinyume, uzi hukatika. Hadi adhuhuri ulikuwa umekatika mara sita.

"Tena?" Mama Vifungo aliuliza bila kuinua macho.

"Uzi wa siku hizi, mama watoto. Hawausokoti, wanauombea tu."

Mama Vifungo alichukua kipande cha uzi uleule, akauvuta kwa mikono miwili. Uzi ulikuwa imara hata ukamkata kidole. Alikinyonya kidole chake, akamtazama mumewe, akarudi kwenye vifungo vyake.

Mazoezi Fundi aliyafanyia kwenye kona yenye pazia, wateja wanapojaribia nguo. Alisimama kwa mguu mmoja akihesabu hadi sitini. Alipanda na kushuka kwa vidole vya miguu juu ya kizingiti. La tatu, lile la miguu bila mtu, alilielewa hivi: alichukua lastiki pana nyeusi kutoka kwenye boksi la mkewe, akaifunga kwenye mguu wa meza ya kupigia pasi, akaingiza unyayo kwenye kitanzi, akavuta. Thelathini asubuhi, thelathini jioni.

"Nani yumo humo?" sauti ya mkewe iliuliza siku moja.

"Mimi."

"Unafanya nini?"

"Najaribu suruali ya mteja."

"Na mteja mwenyewe yuko wapi?"

"Anakuja kesho."

Baada ya wiki mbili kifundo kilianza kutii. Cherehani ikarudi kukanyagwa kwa mguu wa kulia, polepole, na uzi ukaacha kukatika. Lastiki ndiyo iliyochoka. Mtu mwingine angeitupa, lakini Fundi alikuwa fundi, na kwa miaka thelathini hakuwahi kutupa kipande kinachozidi kidole. Aliifungua fundo, akaipiga pasi ikanyooka, akairudisha kwenye boksi, akajitafutia nyingine.

Wiki hiyo kaptura ya Refa ilikuwa mezani. Refa alichezesha mechi za ligi ya mtaa, mtu mrefu mwenye heshima zake, asiyecheka hata mpira ukimgonga. Alitaka kaptura nyeusi ya fainali. Fundi alikata na kushona, Mama Vifungo akatia lastiki kiunoni, na kwa mara ya kwanza katika historia ya chumba kile kazi ilitoka siku iliyoahidiwa.

Jumapili Refa alirudi na kaptura ndani ya mfuko wa karatasi. Aliiweka mezani mbele ya Mama Vifungo kwa vidole viwili, kama mtu anayeweka panya.

"Mama Vifungo, mimi nilikuwa nakuamini."

"Imekuwaje, ndugu yangu?"

"Dakika ya ishirini naukimbilia mpira, nasikia upepo mahali ambapo si kawaida yangu kusikia upepo. Nikaishika. Nusu saa nimechezesha mkono mmoja kiunoni, watu wanadhani naringa. Kisha beki akamvuta mwenzake jezi mbele ya goli. Kadi nyekundu! Nikaitoa kwa mkono wa kulia. Beki akanijia, 'Kosa langu nini, Refa?' Mimi nikasahau, nikataka kumwonyesha kwa mikono miwili alivyovuta." Refa alifumba macho. "Uwanja mzima ulinyamaza. Hata huyo niliyemtoa alinihurumia. Alinisaidia kuivuta."

Fundi aliuma ulimi asicheke. Kisha akamwona mkewe, na kicheko kikamwisha. Mama Vifungo alikuwa ameishika kaptura, akichungulia ndani ya kiuno pale mshono ulipoachia. Kwa miaka yote hiyo hakuna kiuno kilichomwaibisha. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia wateja, "Kitambaa kitaisha, mkono wangu hautaisha."

"Nilitia mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo. "Sijui niseme nini."

Fundi alijua la kusema. Alijua pia kwamba akinyamaza, lawama itabaki palepale ilipo, na viatu vyake vitabaki chini ya kitanda. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Si kosa lake, Refa. Lastiki hiyo niliichosha mimi. Nimeifanyia mazoezi wiki mbili pale nyuma ya pazia. Niliteguka mguu mlimani, nikaficha." Akageuka. "Mama watoto, ile ya tatu imeshatokea."

Mama Vifungo aliigeuza kaptura nje ndani, akafumua mshono wa kiuno kwa kucha, akachomoa lastiki. Katikati yake palikuwa na alama ya fundo, na kando ya alama, nyuzinyuzi za soksi ya kijani.

"Soksi hizi nazifua mimi," alisema. "Nimeziona tangu Refa anatoa hadithi yake. Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Ungesubiri mpaka lini?"

"Mpaka Refa afike mlangoni. Baada ya hapo ungelala na cherehani."

Refa, ambaye kazi yake ni makosa ya watu, alivuta benchi akakaa. "Kuna sheria hapa?" aliuliza. Akaonyeshwa daftari, akasoma, akatikisa kichwa. "Hii iko wazi. Viatu vinatoka."

"Haiko wazi!" Fundi alisimama. "Someni vizuri. Imeandikwa 'akirudi anachechemea.' Mimi nilirudi nikitembea kama bwana harusi. Mwalimu ni shahidi."

"Kwa hatua ngapi?" mkewe aliuliza.

Fundi alikaa tena. "Kumi."

Mama Vifungo alijaribu kukunja uso, ukakataa. Alicheka hadi akaegemea dirisha, na Refa, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akacheka naye. Alipomaliza, Mama Vifungo alijifuta macho, akavuta futi ya kupimia kutoka shingoni mwa mumewe, akapiga magoti, akapima vifundo vyote viwili. Cha kushoto sentimita ishirini na tatu. Cha kulia ishirini na tano. Akaandika chini ya mkataba.

"Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Vikilingana, utapanda mlima wako. Visipolingana, shemeji aje achukue. Na mazoezi hutafanya tena kwa kujificha kama mwizi wa kuku. Utafanya hapa, nikikuona. Kwa mpira wa baiskeli, si kwa lastiki yangu."

Basi Fundi Kesho akafanya mazoezi mchana kweupe, katikati ya chumba, mpira wa baiskeli mguuni na futi shingoni. Mama Vifungo alihesabu huku akishona vifungo, na hakuwa na huruma. "Hiyo ya kumi na mbili umeiiba. Rudia." Wateja waliokuja kudai suruali walijikuta wakihesabu naye, wakaondoka wameridhika, bila suruali. Refa alikuja kuchukua kaptura yake, sasa yenye lastiki mpya na kamba juu yake, akabaki kufanya zoezi la kusimama kwa mguu mmoja. Magoti yake yalilia kama mlango wa ghala.

"Na wewe unaumwa?" Fundi alimuuliza.

"Refa haumwi," alijibu, akayumba, akashika sanamu ya kuvalishia nguo.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwezi shemeji alifika mapema kuliko alivyowahi kufika popote. Alikuwa amekuja na soksi nene, tayari kujaribu. Mwalimu naye alisimama mlangoni na nguo za mbio, akijifanya anapita tu. Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja, suruali ameikunja, akamnyooshea mkewe miguu.

Cha kushoto ishirini na tatu. Cha kulia ishirini na tatu na nusu.

Mama Vifungo alipima tena, akiivuta futi taratibu, akainama kuisoma kwa karibu. Ishirini na tatu na nusu.

"Havilingani," shemeji alisema, akaanza kuvua kandambili.

"Kaka, wewe sindano umeishika lini?" Mama Vifungo hakugeuka hata kumtazama. Alimtazama mumewe usoni, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili aliyeacha kupumua. Akasimama, akakung'uta magoti. "Nusu sentimita ni ya mshono. Fundi yeyote anaiacha. Nenda. Lakini kule kwenye kuteremka utatembea, sitaki kusikia umekimbia."

Kabla hajamaliza, Fundi alikuwa amefunga kamba za kiatu cha kwanza. Alitoka na Mwalimu, akatembea barabarani kwa adabu, bila haraka, maana alijua bila kugeuka kwamba mkewe amesimama mlangoni na futi mkononi. Walipopita kona ya tangi la maji, akainua shingo, akaanza kukimbia.