Mgeni katika Bonde la Mama

Mwaka wa pili wa chuo, darasa letu la jiografia lilikwenda Pemba kupima namna maji ya chumvi yanavyoingia kwenye mabonde ya mpunga. Tukapangiwa Wingwi, kwetu hasa, nami nikavimba kichwa. Nilijua kila njia, na kila tope linalomeza kiatu. Mwenzangu wa kazi alikuwa msichana wa Singida, aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza alipokuja kuanza chuo.

Tulianzia bonde la mama yangu. Mimi nilichimba vishimo, nikatumbukiza kipimo, nikaandika namba. Yeye alivua viatu, akainama kando ya mama, akawa anang'oa magugu.

"Shikamoo mama. Mbona mpunga wa huku mfupi?"

"Marahaba mwanangu. Njoo nikuoneshe."

Mwanangu! Mama akamshika mkono hadi karibu na mikoko, akamwonesha tuta ambalo babu alilijenga kuzuia bahari, na pale lilipobomoka mimi ningali nanyonya. Maisha yangu yote nimelipita tuta lile nikidhani ni njia ya ng'ombe.

"Siku hizi maji yaingia kila bamvua," mama akasema.

Mwenzangu akanigeukia. "Bamvua ndiyo nini?"

Nilijua. Ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtoto yeyote wa kwetu anajua. Lakini wivu ulikuwa umenikaba.

"Maji tu," nikamjibu. Akaandika hivyo hivyo.

Jioni nilimwuliza mama kwa nini hakuwahi kunambia habari za tuta.

"Uliniuliza lini?" akasema, akaendelea kupepeta mchele.

Siku ya kuwasilisha kazi, namba zangu zilikuwa safi, hazikuvutia mtu. Mwenzangu alibandika ramani ya tuta, akaeleza bamvua barabara, mwezi na yote. Kumbe alirudi kwa mama peke yake kuuliza. Mhadhiri alimsifu mbele ya darasa zima, nami nikapiga makofi na wenzangu.

Tulipotoka nje akaniambia taratibu, "Siku ile bondeni ulikuwa umechoka, eh?"

"Nilichoka," nikasema. Sikuthubutu kumtazama.

Mpaka leo mwenzangu yule humpigia mama simu kila Sikukuu. Mama hucheka naye, humwita mwanangu, humsimulia mavuno. Mimi hujitia nakwenda kuchota maji.