Shimo la Nyumba Yetu Kwenye Ramani

Mwaka ule mimi na watafiti wenzangu tulikuwa tunachora ramani ya makazi ya kale kwenye milima ya Mbulu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, kuangalia picha zilizopigwa na droni, na kuweka alama kila palipoonekana shimo la nyumba. Wazee wetu walichimba ubavu wa mlima wakajenga tembe humo, nyumba za paa bapa la udongo, na tembe ikianguka hubaki shimo lenye majani mabichi kuliko ya pembeni. Tulitaka kujua kama watu wale walikuwa na mtawala mmoja waliyemzunguka, au kila kilima kilijiamulia mambo yake.

Siku moja niliweka alama karibu na kijito, kisha nikaikuza picha. Kijito kile nilikijua. Shimo lile lilikuwa la nyumba yetu, tuliyoiacha nikiwa darasa la pili, baba alipotuhamishia Haydom ili mama aliyekuwa mgonjwa awe karibu na hospitali.

Nikamwomba kaka yangu mkubwa, ambaye alirudi kulima Mbulu, anipeleke. Tulipanda pamoja. Tulipofika akanionyesha mlango ulipokuwa, ndama walipolala, na kona ambapo mama alisagia ulezi. Nikasikia tena harufu ya moshi na maziwa, na kwato za mbuzi waliokuwa wakipanda juu ya paa sisi tukiwa ndani tunakunywa uji.

Nikamwambia itabidi niifute kwenye ramani, kwa kuwa si ya kale.

"Itakuwa ya kale lini?" akauliza.

Tukaipima kwa tepu, yeye ameshika upande wake, mimi wangu.

Ofisini kiongozi wetu alisema isifutwe, ipewe rangi yake. Nyumba ambayo tulijua nani alilala wapi ingetusaidia kuyaelewa mashimo mengine. Na kweli, mengi yalilingana nayo. Hatukupata hata moja lililoyazidi mengine sana kwa ukubwa, kama la mtawala. Inaelekea wazee wale walikuwa majirani tu, waliokaa na kuamua pamoja.

Mama alipona zamani, na bado anaishi Haydom. Nilipomtembelea nilimwamkia, nikamfungulia ramani kwenye simu, nikamwonyesha shimo letu. Aliitazama, kisha akaomba abaki na simu kidogo.

Nikaingia jikoni kupika, nikamwacha ameishika kwa mikono miwili.