Maskati Haitoki

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba Maskati, mji mzima pamoja na bandari yake, ni mali ya jirani yetu wa kijijini Wingwi, Pemba, na kwamba hakuna mtu anayeweza kutoka kule bila ya ruhusa yake. Niliamini hivyo kama ninavyoamini kwamba jua litachomoza kesho. Cheka tu, ndugu yangu. Mji wenyewe nilimpa mimi, kwa ulimi wangu huu huu.

Nimelikumbuka jambo hili Sikukuu iliyopita. Skuli tuliyosomea madarasa ya jioni, sisi wanafunzi wenye mvi, ilitualika kwenye chemsha bongo. Unanijua, mimi nikiingia pahala pa maswali, wengine bora warudi makwao. Waliuliza televisheni ya rangi ilitangulia kuonekana wapi Afrika Mashariki, nikasema Zanzibar kabla swali halijatua. Waliuliza ngoma ya msewe, nikajibu kwa mabega. Waliuliza mchezo wa ng'ombe wa Pemba unasemekana umeletwa na nani, nikawataja Wareno kana kwamba nimekula nao biriani. Mwisho wakauliza mji mkuu wa Oman. Hata watoto waliokuwa madirishani walijua. Mimi ulimi ukanifia kinywani. Nikakaa kitako, na chupa ya chai ya zawadi ikachukuliwa na muuza samaki.

Zamani hizo, msimu wa karafuu, nyumba ya bibi tuliyokuwa tukiishi yote ilinuka karafuu, mpaka maji ya mtungini. Jioni baada ya magharibi tulikaa juu ya mkeka tukichambua, yaani kuzitenga karafuu na vikonyo vyake, viganja vyeusi, vidole vinanata. Jirani yetu, mwanamke mjane asiyekuwa na mtoto, alikuja na kiti chake kidogo kutusaidia. Muhogo wa nazi ukichemka jikoni, bibi alianzisha vitendawili ili watoto tusisinzie.

Mchezo unaujua. Ukishindwa, unaambiwa, "Nipe mji." Ukitoa mji, mwenye kitendawili anausafiri kwa maneno, anakula na kunywa huko, kisha anarudi na jawabu. Ila kwetu kulikuwa na sheria moja kali: mji ukishatolewa umekwenda, huutoi tena mpaka uushinde na urudi kwako. Bibi alisema, "Asiyejua miji atatoa nyumba." Basi tukasoma miji kama watu wanaotoroka njaa. Mimi nilisoma magunia, mabati ya biskuti, karatasi za sabuni. Nadhani nilijua miji mingi kuliko rubani.

Jioni moja miji ilikuwa imenimalizikia. Jirani akatega: "Mtini kijani, mkononi mwekundu, jamvini mweusi." Nilifikiri mpaka masikio yakapata moto. Jawabu lilikuwa mkononi mwangu, karafuu tupu, nisilione.

"Umeshindwa, yakhe. Nipe mji."

Mji pekee niliobakiwa nao ulikuwa ule aliokuwepo baba. Alikwenda kufanya kazi, na kila Sikukuu lilitufikia boksi lake la tende na halwa, likinuka udi. Mwaka ule halikuja.

"Nakupa Maskati," nikasema.

Mama akainuka kwenda kutazama muhogo ambao alikuwa ameshautazama. Jirani hakusafiri, hakula, hakunywa. Alilitaja jawabu tu, akaendelea kuchambua. Nilipokwenda kunawa, mtoto wa ami yangu, aliyenizidi umri, akaniinamia sikioni: "Umeshamtoa babaako wewe! Mji ukitolewa na waliomo wametolewa. Hatoki mpaka mwenye mji aseme."

Kuanzia hapo sikusoma tena kwa mchezo. Nilimsumbua mwalimu kwa maswali ya wafalme, sinema, ngoma za makabila na sikukuu za watu wa mbali, nikayageuza yote kuwa vitendawili vya kumpiga navyo jirani. Na nilimpiga. Nilimshinda mara elfu, na nikisema elfu napunguza.

"Nipe mji, Bi."

"Nakupa Bombei."

"Bombei sitaki. Nataka Maskati."

"Maskati haitoki. Chukua Bombei, au chukua Nairobi, kuna baridi nzuri."

Bibi aliinamia karafuu zake. Nilimchukia jirani yule kwa moyo wote, huku nikila maandazi yake. Nikimuuliza mama juu ya baba, jibu lilikuwa moja: "Kazi haijampa nafasi." Mama alifariki na jibu lile lile.

Bila shaka nilikua, nikajua mji hautolewi kwa kitendawili. Lakini kuna jambo kichwa kinalijua na moyo haujapelekewa habari. Siku ya pili ya Sikukuu hiyo, baada ya kushindwa kwenye chemsha bongo, nikachukua mkate wa kumimina, nikaenda Wingwi.

Nyumba ya bibi imebaki msingi na mlimau. Kwa jirani bado kulikuwa na jamvi la karafuu uani, watoto wa mtaani wanamchambulia, simu katikati yao. Mmoja akaiuliza simu swali, ikamjibu hapo hapo, wakaendelea kimya. Simu haiombi mji. Haikuachi ukaona haya, wala haikungoji ufikiri. Nikaingiwa na huzuni ambayo sikuitegemea, nikatamani mtu aniambie nimeshindwa.

Jirani alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, macho yameingia ukungu. Alinijua kwa sauti.

"Kumbe hujafa, tajiri wa miji!"

"Nimekuja kudai Maskati yangu, Bi."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, naye akasita.

"Bado waitaka?"

"Nataka kujua kwa nini ulininyima."

Alipapasa jamvi, akaokota kikonyo kilichosahauliwa, akakivunja.

"Ningekupa, ungekwenda kukaa barazani kumngoja. Na asipokuja, ungemlaumu nani, mtoto mdogo vile? Nikaona bora unilaumu mimi."

"Kwani angezuiwa na nini asije?"

"Hakuzuiwa na mtu, mwanangu. Babaako kaoa kule. Hakutaka kurudi."