Nilivyorudisha Watu Bwawani

Juzi, baada ya kusikia kwamba kipindupindu kimeingia tena mtaani kwetu, upande wa Soweto West, nilitia dawa kwenye mtungi wa maji, na ule ukali wa klorini ukanipanda puani. Ikabidi niketi. Binti yangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ila harufu hiyo hunirudisha Kawangware, kwenye bwawa la kuogelea alikofanya kazi baba yangu nilipokuwa na miaka tisa.

Tuliishi Lindi, hapa hapa Kibera, chumba kimoja. Baba alikulia kando ya ziwa na maji hayakuwa na siri kwake. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu cha chuma, filimbi shingoni, akiwaangalia waogeleaji. Wenyewe walikuwa wachache. Kwetu maji yalikuwa kitu cha kupangia foleni na kubeba kichwani, si cha kuchezea, na wazee wengi hawakuona sababu ya kuvua nguo mbele ya majirani.

Meneja, Bwana Musyoka, mtu mnene mwenye kicheko cha haraka, alijaribu kila njia ya kuwavuta. Alipaka kuta rangi ya samawati, akaagiza achorwe pomboo, naye mchoraji, ambaye hakuwahi kumwona pomboo, akampa masharubu. Aliweka mtelezo wa kushukia majini. Mwishowe alileta DJ na kutangaza kwamba kila Jumapili watoto wataingia bure.

Hapo wakaja. Jumapili ya tatu vichwa vilikuwa vingi mpaka maji hayakuonekana. Musyoka, kwa furaha, akataka bango jingine litundikwe barabarani, na Baba ndiye aliyekuwa mrefu.

"Dakika tano tu, Ochieng'," alimwambia.

Baba aliporudi, mtoto mmoja wa miaka minane, Kelvin, alikuwa amelala chini kabisa upande wa kina, na muziki bado unapigwa. Baba alimtoa. Alimkandamiza kifua tena na tena. Kelvin hakuamka.

Bwawa lilifungwa wiki mbili. Lilipofunguliwa hakuja mtu. Watu walisema maji yale yameshaonja, yatataka mwingine. Musyoka akamwita Baba ofisini, nami nikiwa nje ya mlango nakula ndizi, nikasikia yote.

"Si uko na msichana? Anajua kuogelea?"

"Nilimfunza mwenyewe."

"Basi mlete Jumapili. Watu wakiona mtoto wako yuko ndani, wataamini."

Baba akauliza, "Na nikikataa?"

"Hii kazi wengi wanaitaka, Ochieng'."

Jumapili nilivishwa nguo ya kuogelea nyekundu, mpya, yenye maua begani. Sikuwahi kuvaa kitu kilichonunuliwa kwa ajili yangu mimi peke yangu. DJ alilitangaza jina langu, nikaingia, bwawa zima likawa langu. Watu walisimama nje ya uzio wa waya wakitazama. Kila nilipozama walinyamaza. Nilipoibuka na kuwapungia mkono, baadhi walicheka, na nilijiona malkia. Jumapili iliyofuata waliingia watoto wawili. Baada ya mwezi vichwa vilikuwa vimejaa tena, na shuleni nilijisifu hadi mwalimu akanihamisha dawati.

Ndipo siku moja mwanamke mwenye leso begani akaja akasimama ukingoni, na viatu vyake miguuni. Nilidhani amekuja kunitazama kama wengine.

"Wewe ni wa nani?" aliniuliza kwa upole.

"Wa huyo kwa kiti," nikamjibu, nikijivuna.

Akageuka. Baba alikuwa ameshamwona. Alishuka ngazi za kile kiti moja moja, akavua kofia.

"Mama Kelvin," alisema.

"Kumbe wako anajua kuogelea," yule mwanamke akamwambia. "Wangu hakufunzwa na mtu. Aliambiwa tu ni bure."

Hakupaza sauti. Akatoka, na waliomjua wakampisha njia.

Baba alinitoa majini na kunifunga taulo. Nililia, na sitawadanganya kwamba nilimlilia Kelvin. Nililia kwa sababu zamu yangu ya mtelezo ilikuwa imefika. Tulitembea hadi Lindi. Hakurudi tena kwenye kazi ile. Akawa mtu wa mjengo, akipanda ngazi na mawe begani. Bwawa liliendelea kujaa bila sisi, nami nikamnunia Baba miezi mingi kwa kuninyima umalkia wangu.

Nilipokua nikaelewa kwamba nilitumiwa, na nikadhani nimeelewa yote. Mwaka jana, Baba akiwa mgonjwa kitandani, nilimwambia sina kinyongo, kwamba najua alikuwa analinda unga wetu. Akatikisa kichwa.

"Si hiyo," alisema. "Zile Jumapili zote nikiwa kwa kile kiti, nilikuwa naangalia wewe tu. Hao watoto wengine sikuwa nawaona. Hata mmoja."

Nilikaa kando ya kitanda nikiwakumbuka, wakirushiana maji na kuvutana miguu upande wa kina, na mama zao wakiwa wamejinyoosha kwenye nyasi, wametulia, kwa sababu mimi nilikuwa ndani.