Kiti cha Mbele

Shemeji yangu, aliyemwoa dada, mtaani wanamwita Spana. Pikapu yake ilikaa uani juu ya matofali miaka mingi, imeoza mpaka paka wakazalia kwenye injini. Mimi niliona chuma chakavu, dada akaona gari. Wakaanza kulifufua wawili: mume anachomelea bodi na kurefusha sehemu ya mizigo, mke anashika taa, anapangusa nati na kumkosoa.

Kosa lilifanyika kwenye kiti cha abiria. Reli za kukisogezea zilikuwa zimeliwa na kutu. Fundi mwingine angetafuta nyingine. Spana alimkalisha mkewe, akasogeza kiti mbele mpaka miguu mifupi ya dada ikatua sakafuni, akapiga alama ya chaki, kisha akakichomelea papo hapo. Nilikuwepo. Nikauliza wageni watakaa wapi, dada akajibu kwamba wageni wana kule nyuma kwenye mizigo. Tulicheka sana.

Dada alifariki kabla injini haijawaka.

Spana akamalizia mwenyewe. Alipaka rangi ya kijani aliyoichagua dada, rangi ambayo mimi nisingepaka hata pipa la taka. Ndipo akagundua hana wa kukaa naye. Mwanawe, mrefu kama nguzo, alijikunja magoti yakagusa dashibodi, na kabla ya kona ya kwanza akahamia nyuma. Rafiki yake fundi bomba, mwenye kitambi, aliingia kwa shida, mlango ukakataa kufungwa. Basi Spana akawa anaendesha peke yake, midomo inacheza, anaongea na kile kiti. Watu walimcheka. Mimi iliniuma.

Siku moja alisimamisha gari mlangoni kwangu, akaniomba nimsindikize kuchukua mbao. Akanifungulia mlango. Nilikitazama kile kiti. Mimi na dada tuliazimana viatu na magauni tangu usichana. Ningeenea pale barabara, mtaa mzima mimi tu, naye alilijua hilo.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi si yeye. Kata hicho kiti, weka reli, ndipo nitapanda."

Aliufunga mlango taratibu, akaondoka bila kuaga. Nilikasirika, nikaona aibu, nikakasirika tena. Baada ya siku kadhaa nikasikia kutoka uani kwake msumeno wa chuma. Ulilia, ukanyamaza kitambo kirefu, ukalia tena.

Asubuhi alinifuata. Kiti kilikuwa juu ya reli mpya, kimerudishwa nyuma kabisa. Nikapanda. Miguu yangu ikaning'inia, haifiki sakafuni.

Aliitazama ile miguu. "Nikusogeze mbele kidogo?"

Nikamwambia hapana, twende hivyo hivyo.

Njia nzima midomo yake haikucheza. Zile siku za kuendesha peke yake alikuwa na mtu wa kuongea naye. Sasa alikuwa na mimi.