Pointi ya rambirambi: tulivyobishana msibani Guangzhou kuhusu timu iliyofungwa dakika za nyongeza

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachoweka hapa ni kweli tupu, chumvi nimetia ya kuonja tu.

Kwanza mnicheke. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, nikiwa Guangzhou, niliamini kabisa kwamba kwenye hockey ya barafu timu ikifungwa dakika za nyongeza inapewa pointi moja ya rambirambi.

Jamaa mmoja tuliyekuwa naye foleni ya maonyesho ya biashara kule Pazhou ndiye aliyenisimulia. Eti zamani golikipa aliganda golini akafa amesimama, wazungu wakaona aibu, wakaanza kuwapa wafiwa pointi.

Nikaimeza nzima nzima. Na hapo mimi ni mhitimu wa masomo ya jioni, cheti ninacho!

Turudi kwenye tukio.

Wafanyabiashara tulikuwa na ligi yetu ya soka, Jumapili baada ya ibada. Watanzania tuliitwa Marobota FC, maana wengi wetu tulishinda kwenye maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu tukifungasha nguo. Wakongo wa Lubumbashi walijiita Katanga.

Sare hatukuwa nazo. Watu wanasafiri kila wiki, mechi ya marudiano utaicheza na nani? Muda ukiisha mko sawa, mnaongeza, wa kwanza kufunga anachukua pointi tatu. Aliyefungwa anaondoka na kiu yake.

Mechi ya mwisho Katanga walicheza na Wakenya, ambao walishaingia fainali. Kwa pointi tulikuwa sawa nao, sisi tukiwazidi magoli tu; Katanga wakipata hata pointi moja, wanatupita sisi na nafasi ya pili ya fainali inakuwa yao.

Golikipa wao aliitwa Trésor, mnunuzi wa vitambaa kwenye soko la Kangle. Mrefu huyo! Akinyoosha mkono ungedhani anaanua nguo ghorofa ya tatu.

Asubuhi ile alipigiwa simu. Mama yake amefariki Lubumbashi.

Pasipoti yake ilikuwa bado ofisi ya viza, kwa hiyo kusafiri hawezi. Hakumwambia mtu. Akavaa glovu.

Alidaka kila kitu mpaka muda wa kawaida ukaisha bila bao. Kwenye nyongeza, kashuti kepesi ka Mkenya kakampita katikati ya miguu. Akakaa chini pale golini, hainuki. Nahodha wao, Papa Ilunga, akaenda kumfokea. Ndipo Trésor akasema kwamba amefiwa na mama.

Jioni tulijaa chumbani kwake. Magodoro sakafuni, majora ya vitambaa yamesukumwa ukutani. Dada zetu wakasonga ugali, mchungaji akaomba.

Kisha Papa Ilunga akaleta ombi: kamati ya ligi, iliyokuwamo humo chumbani, iwape pointi moja, kwa kuwa golikipa alidaka akiwa mfiwa.

Nahodha wetu, Mangi, hakungoja. "Papa, msiba ni wetu sote. Ila hii sheria mnaitaka leo kwa sababu mmefungwa."

"Weye Mangi, roho yako iko ya jiwe!"

"Jiwe gani? Wiki ijayo akifiwa Mkenya tumpe kombe?"

Nikasimama kama wakili wa mahakama ya rufaa. Nikawapa hockey yote, barafu, golikipa aliyeganda, wazungu kuona aibu. Nikasema bora Marobota tukose fainali, utu kwanza.

Dada zetu wakafuta machozi. Hata Mangi akainamisha kichwa. Hoja ilikuwa inapita, wakuu.

Trésor alikuwa ameegemea majora. Akainua mkono.

"Bandugu, asanti. Lakini mama yangu musimuweke kwenye msimamo wa ligi. Kama munapana pointi, mupatie kila timu yenye ilifungwa ku nyongeza, tangu mwanzo."

Mangi akahesabu kwa vidole. "Basi na sisi tunapata moja, ya siku ile tuliyofungwa na Wakenya. Mnabaki nyuma yetu vilevile."

"Najua," Trésor akajibu.

Tukaipitisha hivyo. Marobota tukaenda fainali, na sijawahi kuvaa jezi nzito kama ile, utadhani imeshonwa kwa zege.

Nilichojifunza: ukitaka kumfariji mtu, muulize kwanza yeye anataka nini. Sisi tulimgawia faraja yetu wenyewe.

Nyie wenye ligi zenu huko mtaani, aliyefungwa nyongeza mnampa kitu au mnamwacha mikono mitupu? Leteni hoja, matusi hapana.

Ila siku hiyo mimi sikuridhika. Wakati wa kuagana nikamng'ang'ania Trésor pale mlangoni: mbona kule kwenye barafu mfiwa anapewa? Sikujua kwamba aliwahi kuishi Montreal kwa kaka yake na mchezo ule anaujua vizuri. Akanitazama kwa macho mekundu, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tuingie.

"Ndugu yangu, hakuna mutu aliganda. Banapana ile pointi juu muda wa kawaida uliisha timu zote ziko sawa. Iko ya kazi yenye balifanya. Haiko ya kilio."